Mtoto Asiye na Tarehe ya Kuingia

Siku alipoambiwa ampeleke mtoto wake nje ya nchi ili apate kumwingiza upya, Fundi Miwani hakupiga kelele. Alidhani hakusikia vizuri. Aliinama mpaka paji la uso likagusa kioo cha dirisha namba sita, akamwomba afisa arudie.

"Mtoke naye," afisa akarudia, akipanga mihuri yake mezani kama mtu anayepanga vikombe. "Mvuke mpaka, mgongewe muhuri, mrudi. Tarehe ya kuingia itapatikana, mimi naijaza hapa, mambo yanaisha."

"Mtoto huyu alizaliwa hapa hapa mjini. Hospitali yenyewe iko hapo nyuma, ukigeuka unaliona paa lake."

"Sijakataa, mama. Lakini kila mgeni ana tarehe ya kuingia nchini. Nisipoijaza, kompyuta haisongi mbele."

"Aliingia kupitia tumboni kwangu. Jaza hivyo."

Watu kwenye foleni walicheka. Afisa hakucheka. Aliisukuma fomu ipite chini ya kioo, na fomu ikarudi kwa mwenyewe na ule mstari mmoja mtupu.

Mwanamke huyu jina lake la kwenye pasipoti halikutumiwa na mtu isipokuwa maafisa, nao walikuwa wakilikosea. Kwa watu wengine wote alikuwa Fundi Miwani, kwa sababu kazi yake ilikuwa kusaga lenzi. Karatasi ya daktari wa macho ilimfikia ikiwa na tarakimu tupu. Yeye alichukua kipande cha duara, akakibana kwenye mashine, maji yakitiririka juu yake kisipate moto, akakisaga mpaka kikakubaliana na zile tarakimu. Akikosea kwa unene wa unywele, mteja anaona ngazi mahali pasipo na ngazi. Kwa hiyo alizoea kupima mara mbili, halafu mara ya tatu kwa kuwa hakuiamini ile ya pili. Karakana kubwa ya nchi hii ilikuwa imemfuata kwao, ikampa mkataba, akaja na mumewe. Huo ulikuwa mwaka wa sita.

Mumewe alikuwa mwalimu wa hesabu. Huku, kibali chake kilimwita mtegemezi, na mtegemezi haruhusiwi kufundisha hata jedwali la kuzidisha. Alipika, alifua, alimpeleka mtoto shule ya chekechea na kumrudisha. Fomu ya wategemezi ilikuwa na nafasi mbili tu, "mke" na "watoto", kwa hiyo kila mara walikata neno "mke" kwa kalamu na kuandika "mume" juu yake, na kila mara afisa aliwatazama kana kwamba wamechora picha chafu.

"Kwa hiyo anayekulisha ni yeye?" afisa wa dirisha la sita aliwahi kumuuliza.

"Anayepika ni mimi," mwalimu alijibu. "Kulishana tunalishana."

Mtoto wao alikuwa na miaka minne. Walimwita Kasuku kwa sababu hakuna neno lililoingia sikioni mwake lisitoke mdomoni. Mpaka hapo alikuwa ameandikwa ndani ya kibali cha mama yake. Sheria ilisema akifika miaka minne apewe cha kwake, na ndiyo sababu mwaka huo waliomba vibali vitatu kwa pamoja. Walipeleka pasipoti tatu, picha, cheti cha kuzaliwa, barua ya mwajiri na barua ya mwenye nyumba. Dirisha la sita likapokea kila kitu, likawapa stakabadhi tatu nyembamba, kisha likakwama kwenye ule mstari mmoja.

"Basi tupeni pasipoti tutoke naye, kama ndivyo mnavyotaka," Fundi Miwani alisema alipokwenda mara ya pili.

"Pasipoti ziko ndani ya faili."

"Zitoe."

"Faili liko kwenye mchakato."

"Utaisha lini?"

"Mpaka ijulikane tarehe ya kuingia ya mtoto."

Alirudi nyumbani akasimama jikoni bila kuvua viatu. Mumewe alikuwa akimenya vitunguu. Alimsimulia, mwalimu akasikiliza, akaweka kisu chini, akaanza kuchora kwa kidole juu ya meza: ili kutoka unahitaji pasipoti, ili upate pasipoti unahitaji kibali, ili upate kibali unahitaji tarehe, ili upate tarehe unahitaji kutoka. Kidole kilizunguka kikarudi kilipoanzia.

"Hili swali halina jibu," alisema.

"Mimi sijauliza swali. Nimeomba kibali."

Kuanzia hapo walipigwa danadana. Dirisha la sita liliwatuma la pili, la pili likasema hayo ni ya la tisa, la tisa lilikuwa limefungwa kwa ukarabati. Waliambiwa walete barua ya hospitali kuthibitisha kuzaliwa, na waliyoileta ikasemekana haioneshi mtoto alikuja kwa njia gani. Waliambiwa walete fotokopi za pasipoti, wakati pasipoti zenyewe zimo mle ndani. Kila asubuhi ya safari hizo Fundi Miwani aliomba ruhusa karakanani, na kila mara msimamizi wake alimpa huku akitazama saa. Mwezi wa tatu msimamizi akamwita pembeni.

"Sina ubaya na wewe, dada. Lakini wakaguzi wakija wakakuta kibali chako kimekwisha, mashine hiyo naifunga. Hicho kikaratasi chako wanaweza kukikubali, wanaweza kukikataa."

"Hicho kikaratasi wamenipa wao wenyewe."

"Najua. Mimi nakwambia tu."

Akawa anafanya kazi na stakabadhi imebanwa kwa pini mfukoni mwa koti lake la kazi. Ilikuwa imeloa na kukauka mara nyingi mpaka maandishi yake yakaanza kufifia. Kila mlango wa karakana ulipofunguliwa alishtuka, naye hakuwa mtu wa kushtuka. Hasira ilimwingia polepole, kama unga wa lenzi unavyoingia kwenye kucha. Usiku alilala vizuri. Ila asubuhi aliamka akiwa ameuma meno.

Mwezi wa saba kaka yake alipiga simu kutoka nyumbani. Baba yao alikuwa amelazwa. Moyo, alisema kaka, na mapafu nayo yameanza kujaa maji.

"Njoo," kaka alisema. "Usingoje likizo."

Aliongea na baba kwa simu ya picha. Mwaka uliopita alikuwa amemsagia miwani na kumpelekea kwa msafiri, na mzee aliivaa kwa majivuno hata kitandani. Alimtazama binti yake kwa muda, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Kumbe umenenepa. Huko wanakutunza." Fundi Miwani akacheka. Kisha akaingia bafuni, akafungua bomba ili Kasuku asisikie, akalia.

Kesho yake alifika dirisha la sita kabla ya mihuri kupangwa. Alieleza taratibu, hakupandisha sauti. Aliomba pasipoti yake moja tu, vibali waendelee navyo watakavyo.

Afisa alionekana kusikitika kweli. "Pole sana, mama. Kwa dharura ya ugonjwa tunaweza kutoa pasipoti kwa muda. Lete barua ya hospitali anakolazwa."

Kaka aliituma kwa simu siku hiyo hiyo, Fundi Miwani akaichapisha, akaipeleka.

"Hii ni nakala. Tunataka halisi, yenye muhuri."

Kaka akaituma halisi kwa posta ya haraka, ikachukua siku tisa. Siku ya tisa, saa nne asubuhi, bahasha ilifika karakanani mikononi mwa mtu wa posta. Fundi Miwani alisaini, akaiweka juu ya mashine, akavua koti akimbilie ofisini. Simu ikaita. Alikuwa kaka. Hakusema mzee ameaga dunia, alitaja jina la dada yake la utotoni, akanyamaza, na yeye akaelewa.

Aliizima mashine. Lenzi iliyokuwa ndani ilikuwa imesagwa nusu, akaiacha. Alikwenda ofisini na ile bahasha ileile kwa sababu hakujua aende na nini kingine.

Afisa aliifungua barua, akaisoma, akakagua muhuri kwenye mwanga.

"Hii iko sawa kabisa," alisema. "Sasa imekamilika."

"Amefariki. Asubuhi hii. Nataka kuwahi mazishi, ni kesho kutwa."

Afisa aliiweka barua chini. Alifikiri. Halafu akasema maneno ambayo Fundi Miwani angeyasikia kichwani kwa miezi mingi baadaye, kila neno na kituo chake:

"Pole sana, mama. Lakini basi barua hii haifai tena, kwa sababu mgonjwa hayupo. Sasa tutahitaji cheti cha kifo."

Fundi Miwani aliipokea barua, akaikunja kwa kufuata mikunjo yake ya mwanzo, akatoka, akatembea mpaka nyumbani mwendo wa saa nzima wakati nauli alikuwa nayo. Mumewe alimwona mlangoni, akamshika mabega. "Nitamuua yule mtu," mkewe alisema. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayesema mvua itanyesha, na mwalimu, aliyemjua, akaogopa.

Cheti cha kifo kule kwao hakitoki kwa siku mbili. Siku ya mazishi walikwenda ofisini wote wawili, Kasuku akiwa shuleni. Walichukua namba themanini na nne, wakakaa kwenye viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja kwa bomba la chuma, hivi kwamba mtu wa mwisho akitikisa mguu safu nzima inatikisika. Simu ya kaka iliingia namba sitini na kitu ikiwa ndiyo inaitwa. Kaka alikuwa ameishikilia juu ya vichwa vya watu. Fundi Miwani alivaa visikilizi, kimoja chake, kimoja cha mumewe.

Alimzika baba yake hapo, kwenye kioo kisichozidi kiganja. Aliona migongo ya watu, udongo mwekundu, bega la kaka. Mtu alikuwa akisoma jambo lakini upepo ulikuwa ukilichukua. Picha iliganda, ikarudi, ikaganda.

"Themanini na nne," spika ya ukutani ikasema. "Dirisha la sita."

"Namba yetu," mumewe akanong'ona.

Alitikisa kichwa. Walikuwa wanashusha jeneza. Mwalimu aliinuka aende yeye, akafika kioo, akaonesha kwa mkono kule mkewe alikokaa. Afisa alitikisa kichwa pia: anatakiwa mwombaji mkuu mwenyewe. Spika ikasema themanini na tano.

Ilipokwisha, alivua visikilizi, akauzungusha waya kidoleni, akautia mfukoni. Akaenda dirishani.

"Namba yako imepita, mama. Njoo kesho uchukue nyingine."

"Nilikuwa namzika baba yangu."

"Pole sana. Cheti cha kifo umekuja nacho?"

Kando ya dirisha la sita palikuwa na kibao cha mbao cha kuinua, njia ya wafanyakazi. Fundi Miwani alikuwa amekiona kikiinuliwa na kushushwa kwa miezi saba, na kila mara kilikuwa hakina kufuli. Alikiinua akapita.

"Mama! Mama, huku hamruhusiwi!" mlinzi alipiga kelele kutoka mlangoni.

"Kule kwenye kuruhusiwa nimekaa miezi saba," alisema bila kugeuka.

Alipita nyuma ya migongo ya maafisa. Wote waligeuza viti. Hakukimbia. Alipita kwenye makabati yaliyojaa faili mpaka mlango wa mwisho, ulioandikwa Mkuu wa Kitengo, akagonga, kwa sababu alikuwa amelelewa kugonga, na akaingia bila kungoja jibu.

Mkuu wa kitengo alikuwa mama wa makamo, mwenye shali mabegani, akisaini rundo la karatasi. "Wewe ni nani, na umeingiaje humu?"

"Andika tarehe ya leo," Fundi Miwani alisema. "Naona hapa kwenu kuingia ndilo jambo kubwa."

Mlinzi alifika akamshika mkono. Mkuu alimtazama huyu mwanamke machoni, akamfanyia mlinzi ishara atoke.

"Kaa, dada."

"Nimekaa sana. Nitasimama."

Akaeleza. Siku kwa siku, dirisha kwa dirisha, tarehe zote kichwani. Mkuu aliagiza faili. Wafanyakazi walitafuta makabatini, wakatafuta chini ya meza, wakalipata kwenye rafu ya chini, limelaliwa na boksi la wino wa mashine ya kuchapia. Juu yake palikuwa na kikaratasi cha njano: "Inasubiri tarehe ya kuingia." Kiliandikwa siku ya tatu baada ya maombi. Tangu siku hiyo faili halikuwa limeguswa na mkono wa mtu. Mchakato wote ulikuwa ule wa boksi kukaa juu yake.

Mkuu alivuta kompyuta yake, akabofya, akakunja uso, akabofya tena.

"Mbona ukurasa wa pili kuna sehemu ya 'amezaliwa nchini'?"

Aliitwa afisa wa dirisha la sita. Alisimama mlangoni na kalamu yake mkononi. "Bosi, mimi mafunzo ya ukurasa wa pili sikupangiwa."

Mkuu aliweka alama kwenye kile kisanduku. Kompyuta ikasonga mbele. Fundi Miwani alitazama saa ya ukutani: dakika nne, kuanzia faili kufunguliwa. Kama lingekuwa jambo gumu, kama pangekuwa na sheria nzito au adui wa kweli, angeweza kupumua. Lakini dakika nne! Damu ilimpanda mpaka akasikia masikio yanavuma. Alishika ukingo wa meza.

"Mpumbavu wewe," alimwambia yule afisa, polepole. "Uliniambia nimtoe mtoto wangu nje ya nchi. Uliniambia baba yangu amekufa kwa hiyo barua haifai. Na kulikuwa na ukurasa wa pili."

"Mama, mimi nilifuata utaratibu..."

"Ungeuliza! Una mdomo. Chumba cha huyu mama kiko hatua ishirini kutoka kiti chako. Miezi saba hukuinuka ukauliza!"

Afisa aliangalia kalamu yake. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimchoma zaidi.

Vibali vilichapishwa vitatu, vya mwaka mmoja mmoja. Fundi Miwani alivisoma kama asomavyo kila tarakimu inayopita mbele yake. Mwaka ulihesabiwa tangu siku ya maombi. Ilibaki miezi mitano.

"Mmenipa mwaka ambao miezi saba mmeshaila wenyewe," alisema. Aliweka kalamu chini. "Sisaini."

"Dada, ukikataa kusaini itabidi uanze upya."

Hapo ndipo mwalimu, aliyekuwa amesimama kando ya kile kibao cha mbao muda wote huo, alipoingia. Alizungumza kwa sauti yake ya darasani, ambayo mkewe hakuwa ameisikia kwa miaka sita.

"Sawa, mama mkuu. Tutaanza upya. Tunaomba jambo moja tu, na tunaliomba kwa maandishi. Tuandikie kwamba faili letu lilipokelewa tarehe fulani, lilikaa chini ya boksi kwa siku kadhaa, na sababu yake. Weka jina na muhuri. Tutangoja hapa."

Mkuu aliitazama karatasi tupu mbele yake kwa muda mrefu. Kisha akavivuta vile vibali, akavichana katikati, akarudi kwenye kompyuta. Vipya vilianza kuhesabu siku ileile. Ilikuwa inawezekana wakati wote.

Walitoka na pasipoti tatu. Kabla ya kuondoka mjini Fundi Miwani aliandika malalamiko ya kurasa tatu, akayapeleka mwenyewe, akadai wamgongee muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake. Jibu lilikuja baada ya miezi miwili, mistari miwili, likimshukuru kwa maoni yake.

Alifika kwao na Kasuku siku ya sita baada ya mazishi. Wageni walikuwa wameshatawanyika, viti vya kukodi vimerudishwa. Kaka yake alimpokea mzigo bila kumtazama usoni. Walikwenda makaburini, wakasimama, Kasuku akauliza babu anapumuaje huko chini. Waliporudi, kaka alikaa kwenye kiti cha baraza akasema alichokuwa amekibeba.

"Shangazi alitoka mbali kuliko wewe. Ana miaka themanini. Aliwahi."

"Hawakunipa pasipoti."

"Karatasi tu, dada? Mzee alikuulizia mpaka mwisho. Watu wakaniuliza dada yako yuko wapi, nikasema karatasi."

Angeweza kumfokea. Hasira alikuwa nayo ya kutosha nyumba nzima. Badala yake alivuta kiti, akakaa mbele yake, goti kwa goti, akaanza mwanzo: ile fomu, ule mstari mtupu, kuvuka mpaka. Kaka alisikiliza akiwa amekunja mikono. Alipofika kwenye pasipoti na kibali na tarehe, kaka alikunjua mikono. Alipofika kwenye nakala na halisi, kaka alisema, "Ile niliyoilipia posta?" Akasema ndiyo, hiyo hiyo.

Kisha akamwambia walichomjibu ile asubuhi ya siku ya tisa.

Kaka aliinuka, kiti kikaanguka nyuma yake. Alikwenda mpaka mwisho wa baraza, akarudi, akaenda tena.

"Ngoja," alisema, sauti imempasuka. "Rudia hapo. Alisema nini?"

Na Fundi Miwani akarudia, neno kwa neno.